Pole kwa Mpangaji Wako

Mnarani, 6 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kama mchanga wa kijito, maana mchanga ndio kitu pekee tulichobakiwa nacho kwa wingi huku. Mimi sijambo. Mnara nao haujambo. Umesimama palepale, nguzo ya mawe yenye bamba la shaba linalosema kwamba hapa ndipo dhahabu ya kwanza ilipookotwa, na mimi ndiye ninayelisugua bamba hilo kila Jumatatu ili mtu akija asome. Tatizo ni huyo mtu wa kuja.

Tangu barabara mpya ipitishwe nyuma ya kilima, mji huu umekuwa kama nyumba ya waliohama. Duka la mkate limefungwa. Ukumbi wa sinema hauna paa, mbuzi wanalala kwenye viti vya mbele walivyokuwa wakikalia mabwana wa mgodi. Waliobaki ni wazee, watoto wachache wa shule na mwalimu wao, na mimi na funguo zangu. Juma lililopita nilipata wageni kwa mkupuo, familia nzima, nikafurahi hata nikawaeleza habari za mnara mara mbili. Niliwaeleza kama kaka yako alivyokuwa akieleza enzi zake za ulinzi: kwamba mtafutaji yule aliinama kuchota maji ya kunywa, akaona kitu kinang'aa chini, na kabla mwaka haujaisha bonde lote lilikuwa limejaa mahema. Basi mama mmoja akaniuliza, "Yeye mwenyewe aliishia wapi?" Nikamwambia aliendelea mbele kutafuta nyingine, hakurudi. Akauliza tena, "Na mkewe je?" Wifi, miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamjibu kwamba bamba halisemi.

Sasa na mimi nikuulize. Umesikia lolote la kaka yako? Huu ni mwaka wa tatu tangu abebe sururu na kuniachia funguo, akisema anakwenda machimbo mapya kwa msimu mmoja tu. Unamjua mume wangu. Kwake kila kitu ni msimu mmoja tu. Mwanzoni alituma salamu kwa madereva. Baadaye madereva wenyewe wakaanza kunikwepa. Kama amekuandikia wewe, niambie hata neno moja. Sitauliza la pili.

Wifi yako,
Mama Mnara


Mjini, 25 Februari

Wifi,

Barua yako nimeisoma kazini, chini ya meza, kati ya shuka za hospitali. Siku hizi karakana yetu haishoni kingine, ni shuka na magauni ya wagonjwa, kijani juu ya kijani, mpaka nikifumba macho naona majani. Wenzangu wameniita Cherehani. Wanasema hata nikiongea nasikika kama nashona.

Kuhusu kaka, sina la kukuambia.

Najua utauliza kwa nini sijaja kukuona, na mwaka jana niliahidi. Nimempangisha mtu kile chumba cha nyuma. Ni mtu mzima, mgonjwa wa kifua, hana wa kumwangalia, nami nikitoka kazini inanibidi niwe nyumbani. Ni mkimya, hasumbui, ila hicho kikohozi chake kinapita kwenye pazia kama hakuna pazia. Usishangae basi nikiandika kwa haraka.

Jitunze. Usipande ngazi kusugua bamba wakati mawe yamelowa.

Wifi yako,
Cherehani


Mnarani, 14 Machi

Wifi yangu,

Mpangaji! Tena mwanamume! Na hukuniambia ana sura gani. Nimecheka peke yangu hadi mbuzi wa ukumbini wakanitazama. Wewe uliyesema hutaki hata kusikia viatu vya mwanamume kwenye sakafu yako, leo unakimbia kutoka kazini kwenda kumchemshia maji? Haya, nakutania. Mawifi wasipotaniana undugu unaota kutu.

Lakini kifua si cha kuchekea. Nimempa dereva wa basi chupa ya asali akuletee. Nyuki wameingia kwenye chumba cha mitambo pale sinema, na mzee mmoja anajua kuwatoa. Mpe kijiko asubuhi, na kingine kabla ya kulala, na mwambie mwenye asali amempa pole. Mtu kuugua ugenini ni jambo baya. Humjui wa kumwita.

Mvua zimeanza. Mvua ikinyesha haji mtu kabisa, nakaa kwenye kibanda cha lango nasikiliza bati. Juzi nilijikuta nauambia mnara, "Wewe na mimi tumesahauliwa." Nikanyamaza haraka, maana Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli. Alikuwa amepita akaona lango linaning'inia kwa bawaba moja. Kesho yake akaja na bisibisi. Ni mgane, mtu wa taratibu, anazungumza na watu kama anayesahihisha madaftari. Lango sasa linafungika.

Kaka yako hajaleta neno?

Wifi yako,
Mama Mnara


Mjini, 30 Machi
(Barua hii haikutumwa.)

Wifi,

Mpangaji ni mumeo.

Nimeandika sentensi hiyo na sasa naitazama. Alifika baada ya mwaka mpya. Alisimama kwenye mlango wa uani na mfuko mmoja, nikadhani ni mtu wa kuomba, nikamwambia asubiri nimletee chochote. Akaniita kwa jina la utotoni. Ndipo nikamjua, kwa sauti, kwa sababu mwili haukuwa wake. Ni vumbi la mawe. Huko alikokwenda walikuwa wanachimba chini kwenye mashimo bila hata kitambaa cha puani, na vumbi limekaa kifuani. Daktari amesema mapafu yamekuwa magumu, hayalainiki tena. Apumzike tu.

Nilitaka kukuandikia siku ileile. Akanishika mkono akasema, "Usimwambie. Niliagana naye nikiwa na mabega." Amesema alikuahidi kurudi na cha kukuonyesha, na sasa cha kuonyesha ni kikohozi. Aliniapisha kwa mama yetu. Wewe unajua mama alikuwa nani kwangu.

Barua zako namsomea. Ni yeye anayeomba. Nilipofika kwa yule mgeni aliyeuliza habari za mke wa mtafutaji, aligeukia ukutani. Na asali yako, Wifi, aliinusa kabla hajaionja. Sasa anakula nusu kijiko tu, isije ikaisha.

Nikikutumia hii nimevunja kiapo. Nisipokutumia sijui nimevunja nini.

Cherehani


Mjini, 31 Machi

Wifi,

Asali imefika salama. Mpangaji amefurahi, anasema asante sana. Kazi nyingi, nitaandika zaidi siku nyingine.

Kaka hajaleta neno.

Cherehani


Mnarani, 2 Mei

Wifi yangu,

Barua hii nimeiandika mara kadhaa nikaichana, kwa hiyo ukiona mistari imepinda, nivumilie.

Mwalimu amenitaka. Simaanishi kwa uhuni, usije ukafura. Alikuja Jumapili amevaa koti, akakaa kwenye benchi la wageni, akakohoa kidogo, akazungumzia paa la shule, kisha bei ya chaki, nikajua kuna jambo. Mwishowe akasema, "Sikuombi uache kumngoja. Naomba tungoje wote wawili, na tukichoka tuchoke pamoja." Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha kusugulia bamba. Niliendelea kukikunja mpaka akaaga.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo. Kaka yako nilimpenda, na bado nikisikia mtu anafuta viatu mlangoni moyo unaruka. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo hakuna hata uso mdogo wa kunikumbusha wake. Nimeanza kumsahau kidevu. Hilo ndilo linalonitisha. Usiku huku ni mrefu, Wifi, na nyumba ya mlinzi ilijengwa mbali na nyumba nyingine ili mlinzi asikie wezi. Wezi hawaji. Hata wao wamehama.

Mama yenu amekufa, baba yenu amekufa. Wewe ndiye mwenye ndugu. Sitaki kuondoka kwenu kama mwizi. Ukisema ngoja, nitangoja, na sitanung'unika. Ukisema basi, nitajua ni basi. Jibu lolote utakalonipa nitalichukua.

Mpangaji anaendeleaje? Asali ikiisha sema.

Wifi yako, kama bado,
Mama Mnara


Mjini, 20 Mei

Wifi,

Usingoje.

Naomba usiniulize zaidi ya hapo. Mwalimu anaonekana mtu mwema.

Mpangaji anakusalimu.

Cherehani


Mnarani, 8 Juni

Wifi,

Niliomba hata neno moja, na umenipa neno moja. Sina haki ya kulalamika, lakini nalalamika.

Nimelizungusha neno lako siku nyingi. Kama angekuwa amekufa ungesema, maana kifo hakifichwi, na wewe usingeweza kukaa bila kulia nami. Kwa hiyo yuko hai, na yuko na mwingine, na wewe unamjua huyo mwingine, pengine umekula kwake. Ndiyo maana barua zako zimekuwa fupi kama simu ya maandishi. Nilikasirika. Na nikuambie kweli, hasira imenisaidia kuliko kungoja. Nimefungua sanduku lake nikatoa mashati, suruali, ile kofia ya kazi yenye nembo ya mnara, nikawagawia wazee wa mji. Sasa nikitazama dirishani naona shati la mume wangu linapita barabarani likiwa na mzee ndani yake. Siku ya kwanza niliumia. Siku ya pili nilicheka.

Mwalimu nimemkubalia. Tutafunga ndoa Agosti, shule zikifungwa. Ila amekwenda kuuliza kwa msajili, na msajili anataka karatasi ya ndugu wa mume ithibitishe kwamba mke ametelekezwa na mume hajulikani alipo. Ndugu ni wewe tu. Niandikie hilo, utie saini. Ni mistari miwili.

Halafu uje. Usinione mkali, nitahitaji mtu wa upande wangu siku hiyo, na upande wangu ni wewe. Kama kifua kitamruhusu, mlete na mpangaji wako. Hewa ya huku ni safi, haina moshi wa mjini. Atakaa kibandani akipigwa na jua, na hatamzuia mtu.

Wifi yako,
Mama Mnara


Mjini, 21 Juni

Wifi yangu,

Siwezi kutia saini kwamba hajulikani alipo. Yuko nyuma ya pazia, umbali wa mkono, na wakati naandika hii anajifanya amelala.

Mpangaji ni kaka. Hakuna mwanamke mwingine, na hajapata kuwapo. Alirudi mwaka huu kutoka machimboni akiwa na vumbi la mawe kifuani, na daktari ametuambia hatapona. Alinikataza kukuambia. Alitaka umkumbuke alivyokuwa. Mwezi uliopita, nilipomsomea habari za Mwalimu, kesho yake aliniambia nikuandikie kwamba amekufa. Niliketi na kalamu nikashindwa kumuua, nikaandika neno lile jingine, nikadhani ni nafuu. Sasa naona lilikuwa baya zaidi.

Jana nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye mashati aliomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Amefanya vizuri, yangeliwa na nondo." Nilipofika mahali uliposema nimlete mpangaji, akakaa kitandani, mtu ambaye kukaa kwenyewe ni kazi, akasema, "Mwandikie." Hakusema nini. Nimelichukua hilo kuwa ruhusa. Kama si ruhusa, basi kiapo nimekivunja na mama atanihukumu.

Sikuambii ufanye nini. Mwalimu hana kosa. Wewe huna kosa.

Wifi yako,
Cherehani


Mjini, 15 Julai

Wifi,

Nimemuuliza dereva wa basi kama barua ya Juni ilifika. Anasema alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukamrudishia chupa tupu ya soda aliyokuwa ameisahau, ukaingia ndani.

Nitukane, lakini uandike. Kila jioni narudi nikitazama kizingiti kama kuna bahasha. Kaka haulizi. Anasikiliza tu viatu vyangu vinaposimama hapo, kisha anasema, "Haya, njoo ule."

Cherehani


Nyumba ya mlinzi, 12 Agosti

Mdogo wangu,

Hii ni barua yangu ya kwanza tangu niondoke kwako, na naiandika kwa vipande kwa sababu ya pumzi. Mistari hii ya kwanza ni ya juzi. Safari ilikuwa ngumu lakini tulifika. Basi lilinishusha langoni kabisa. Dereva alizima injini akanishika mkono, ndiye yule aliyeleta asali.

Kuna jambo sijakuambia. Siku aliyokuja wifi yako wewe ulikuwa karakana. Mimi nilikuwa uani naota jua. Aliingia na mkoba begani, akasimama. Alinitazama muda mrefu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nikasema anisamehe. Akasema, "Sijaja kwa hayo. Nimekuja nijue ulipo. Miaka yote hii nikilala sijui nielekeze uso wapi." Kisha akavua viatu, akaenda kuosha masufuria yako. Wewe ulipofika ulitukuta tunamenya viazi, ukalia kwa furaha, ukadhani tumepatana. Tulikuwa tunamenya viazi tu.

Wala sasa sijui kama tumepatana. Yeye analala chumbani, mimi nalala sebuleni. Asubuhi ananisaidia kufika kibandani, ananiwekea kiti na blanketi, anakwenda kufungua lango. Ananipa dawa kwa saa. Hanisemeshi zaidi ya lazima. Jana aliniambia, "Kunywa chai, inapoa." Nikahesabu hiyo kuwa siku nzuri.

Wageni wakija namsikiliza akieleza. Anaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa naharakisha nifike kwenye dhahabu. Yeye anaanza na kiu ya yule mtu, jinsi alivyokuwa hajanywa maji tangu asubuhi. Mgeni mmoja aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni mlinzi wa zamani. Wifi yako alisikia, hakunisahihisha, na hakusema ni mume wake.

Mwalimu alikuja kunijulia hali. Nilijua ni yeye kabla hajajitambulisha, kwa namna alivyokagua bawaba za lango. Tulizungumza habari za paa la shule. Alipoaga aliniambia nikihitaji kubebwa kwenda zahanati nimwite, saa yoyote. Baada ya hapo nikasikia ameomba uhamisho. Ni mtu mwema, mdogo wangu, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya, hata kupumua kungekuwa nafuu. Nilimwambia wifi yako amfuate, asipoteze Agosti yake kwa sababu ya kikohozi. Akanijibu, "Usinipangie safari, wewe si mtu wa kupanga safari." Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akanishika mgongo mpaka kikatulia. Mkono wake aliuacha pale kidogo zaidi.

Shati langu la bluu limepita sasa hivi. Mzee aliyelivaa amenipungia.

Kaka yako


Mjini, 4 Oktoba

Wifi,

Nimepata barua yako ya mistari minne. Unasema kaka amefariki, amezikwa kilimani, hakuteseka, na Mungu atupe subira. Tarehe uliyoandika juu ni siku nne baada ya mazishi. Siku hizo zote mimi nilikuwa nashona. Jumatano ile ya mazishi nilikuwa nacheka na wenzangu kwa sababu nilikuwa nimeshona mkono wa gauni ukazibika, na kumbe ndugu yangu wa pekee alikuwa kwenye jeneza.

Sijaondoa pazia. Kitanda chake nimekitandika. Nikirudi kazini bado naweka maji ya watu wawili, kisha naketi nayatazama yakichemka. Majirani waliniletea pole, wakauliza nilimzika wapi, nikawaambia sikumzika. Wakaondoka mapema.

Najua nilichokufanyia. Lakini nijibu hili kwa kweli, maana nalala nalo na kuamka nalo: ulifanya makusudi? Mimi nilikuficha aliye hai, wewe ukanificha maiti. Tumelipana, Wifi? Kama tumelipana, niambie, nijue.

Cherehani


Mnarani, 22 Oktoba

Wifi yangu,

Nimekaa na swali lako mpaka nimeona siwezi kulijibu kwa mistari minne.

Alikufa asubuhi. Nilikuwa nimemketisha kibandani, nimemfunika, akalalamika kwamba blanketi linanuka mbuzi. Wakaja wageni, mume na mke na mama mkwe mmoja asiyesikia vizuri, kwa hiyo nilikuwa nasema kwa sauti kubwa. Nyuma yangu nilikuwa namsikia akikohoa, kama kawaida. Nilifika pale mtu yule anapoinama kuchota maji, na kikohozi kikakoma. Nilijua. Wifi, nilijua palepale, kama mtu anavyojua taa imezimwa chumba cha pili. Na sikugeuka. Niliendelea kueleza. Niliwaambia habari za mahema, na mgodi, na mji ulivyojaa, yule mama mkwe akauliza, nikamrudia. Nilieleza mpaka mwisho kwa sababu nilipokuwa bado naeleza, alikuwa bado hajafa. Walipoondoka nilifunga lango, nikaingia kibandani. Kichwa kilikuwa kimeegemea dirisha la upande wetu, upande wa mnara. Alikuwa ananisikiliza.

Usiku wake mvua kubwa ilishuka ikavunja daraja la kijito. Basi liligeukia ng'ambo. Kulikuwa na joto, na hatuna barafu huku, na wazee walisema hatuwezi kumweka zaidi ya kesho yake. Walichimba wao, wale wazee, wengine wakiwa ndani ya mashati yake. Mwalimu alikuwa ameshahama tangu mwanzo wa Septemba.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuandikia mwanzo, nikuachie daraja libebe lawama. Lakini umeniomba kweli. Mtu wa baiskeli angeweza kuzunguka kwa barabara mpya, akafika kituoni, akakupigia simu karakana. Alikuwapo, tena alijitolea. Nilimwambia asubiri kidogo. Nikaingia ndani nikakaa kitandani. Kuna sehemu yangu ilisema, na yeye aonje kutojua. Nilikaa nayo mpaka ikawa jioni, na jioni ikawa hakuna maana tena. Kwa hiyo ndiyo, Wifi. Si yote, lakini ndiyo.

Sijui kama tumelipana. Sioni kama jambo hili linalipika. Naona tu kwamba kila mmoja wetu alimkosa kwa mkono wa mwenzake, na sasa wanaomjua vizuri wamebaki wawili.

Alikuwa akikutaja kila jioni. Alisema katika safari yake yote wewe ndiye pekee uliyemfungulia mlango bila kuuliza amebeba nini. Nilimwambia nami sikuuliza. Akasema, "Wewe hukuuliza kwa sababu ulikuwa umeshaona." Huo ndio usiku aliponihamisha moyo. Nilivuta godoro langu sebuleni. Sikukuandikia hilo wakati ule kwa sababu bado nilitaka ukae na hatia yako.

Sasa njoo. Matanga yamekwisha, sikuiti kulia. Daraja wamelitengeneza kwa magogo, basi linapita. Mimi bado nina hasira, na wewe unazo zako, naziona hata kwenye mwandiko. Kugombana kwa barua kunachosha, mtu anakujibu ukiwa umeshapoa. Njoo tugombane ana kwa ana, tuseme yote, mpaka sauti zikauke. Asubuhi utanisaidia kufungua lango, maana siku hizi nikifungua peke yangu nasimama hapo nikisikiliza kibandani, na wageni wanafikiri nimesahau cha kusema.

Leta cherehani yako. Nyumba ina vyumba viwili.

Wifi yako,
Mama Mnara